Maji yametoka ndani, lakini usirudi kulala: kukagua nyumba ya matofali mabichi baada ya mafuriko

Mkuu, pole sana kwa yaliyokukuta. Tunamshukuru Mungu watoto wako salama. Umesema nyumba yako ya matofali mabichi huko Chamwino iliingiwa na maji ya korongo juzi usiku, na waliokuja kuandikisha hasara wameandika "madhara madogo" kwa kuwa kuta zimesimama. Unauliza kama urudi upige lipu uendelee na maisha, na kama mahali hapo bado panafaa kukaa. Mimi ni fundi mwashi wa upande wa Gulwe, Mpwapwa, bonde la Kinyasungwe, na mafuriko nimeyaona tangu utotoni. Kwa swali la kwanza: usilale humo leo, wala kesho, wala wiki hii.

Nyumba ya mama yangu mdogo iliingiwa na maji ya kufika gotini. Yalikaa usiku mmoja tu, asubuhi yakawa yamekwenda na kuacha tope laini sakafuni. Wa tathmini walipita siku ya pili, wakachungulia mlangoni, wakaandika "imesimama", wakaenda kwa jirani. Ukiitazama kwa nje kweli ilikuwa nzima. Niliingia na tepu, timazi (kamba yenye uzito ya kupimia kama ukuta umesimama wima) na msumari wa inchi nne. Alama ya maji ilikuwa sentimita 48 kutoka sakafuni, lakini unyevu ulishapanda ukutani hadi karibu sentimita 90. Nyuma ya kitanda, kozi ya tatu, yaani safu ya tatu ya matofali kutoka chini, nikausukuma msumari kwa dole gumba, ukazama wote. Nikatundika timazi kona ya nyuma, nikakuta ukuta umeinama nje upana wa vidole viwili. Jioni ile ile tukamhamishia kwa dada yake, naye akinilalamikia kwamba namtoa kwenye nyumba isiyo na tatizo. Usiku wa sita, bila hata tone la mvua, ukuta ule uliangukia nje, kenchi ikashuka juu ya kitanda chake.

Tofali bichi linashikwa na ukavu wake tu. Likishiba maji, kozi za chini zinalainika huku zimebeba uzito wa ukuta wote na paa. Jua likianza kuwaka, upande wa nje unakauka na kunywea kwanza, wa ndani bado ni tope, na hapo ndipo nyufa zinapofunguka. Kwa hiyo siku ya hatari haiishii siku ya maji. Nimeona kuta zikianguka siku ya nne, ya sita, hata ya kumi. Tathmini inayofanywa mara moja, maji yakiwa ndiyo kwanza yametoka, inawaacha nje watu wengi ambao nyumba zao zitaanguka wiki inayofuata, na inaniuma kila mara ninapoona jina la mtu limefungwa kwenye daftari kwa neno "imesimama". Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, andika barua fupi kuomba wakague tena baada ya wiki mbili, baki na nakala yenye mhuri. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji na mtaa, kwa hiyo una mahali pa kupeleka hoja yako.

Lakini leo, kabla hujaosha chochote, tia alama. Chukua mkaa au msumari, chora mstari pale maji yalipofika, kila chumba na kila upande wa nje, andika tarehe, piga picha tepu ikiwa imesimama pembeni. Jirani yangu mmoja aliosha kuta siku hiyo hiyo kwa kuona aibu ya tope, baadaye hakuwa na cha kuonyesha. Andika pia maji yalikaa saa ngapi, yalikuja kwa kasi au yalipanda polepole, na yaliacha nini: tope laini, mchanga, au mawe. Haya yana maana zaidi ya kina peke yake. Maji ya gotini yaliyotulia saa mbili na maji ya gotini yaliyokimbia usiku kucha ni vitu viwili tofauti kabisa. Hayo ya pili yanamwangusha mtu mzima na yanachimba msingi kwa chini bila wewe kuona. Kwa hiyo zunguka nyumba, choma ardhi kwa nondo kando ya msingi. Ikizama kirahisi mahali pamoja, maji yamekwishachukua udongo hapo.

Lipu ya saruji usipige sasa. Itafungia unyevu ndani ya ukuta, na mwakani itabanduka yote na udongo wake. Bandua hata ile ya zamani mpaka juu ya alama ya unyevu, fungua madirisha, acha ukuta upumue wiki kadhaa. Ukuta ulioinama usiuegemeze miti ukadhani umeuponya. Teremsha bati kwa utaratibu, ubomoe, utaokoa bati na kenchi zako.

Chakula: najua inauma, msimu wenyewe ndio huu na ghala ndilo tegemeo. Mahindi, mtama au karanga zilizoloa maji ya korongo usizianike ukazirudisha kwenye gunia. Nafaka iliyoloa inaota kuvu, na kuvu huyo anatengeneza sumukuvu ambayo haitoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu walikufa hapa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, na wala hayakuwa ya mafuriko. Toa magunia yote, tenga yaliyo juu ya mstari na yaliyo chini yake, hesabu madebe yaliyoharibika, yapige picha, uandikishe. Hiyo nayo ni hasara, na mara nyingi haiulizwi. Kisima kilichofunikwa na maji kihesabu kimechanganyika na choo, kwa hiyo chemsha maji ya kunywa.

Sasa mahali penyewe. Wengi wanasema Dodoma ni nchi kame, mafuriko ni bahati mbaya ya mara moja. Ndivyo sivyo. Mvua zetu ni kidogo kwa mwaka, ila zinashuka kwa vishindo kati ya Desemba na Aprili, juu ya ardhi iliyokauka na vilima vilivyokatwa miti. Korongo linaweza kuja limejaa huku kwako jua linawaka, kwa sababu mvua ilinyesha juu. Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, maji ya bonde hili la Kinyasungwe na Mkondoa yaliizamisha Kilosa na kukata reli kati ya Kilosa na Gulwe. Na ukisikia maji ya kiwango fulani huja "mara moja kila miaka kumi", usihesabu miaka tisa ya kupumzika. Maana yake kila mwaka kuna nafasi moja katika kumi, na ukikaa hapo miaka kumi, nafasi ya kuyaona walau mara moja ni kama 65 katika 100.

Kama maji yalipanda polepole na kuacha tope laini, unaweza kujenga hapo hapo, ila msingi wa mawe uvuke alama ya maji kwa futi moja au zaidi, juu yake tofali za kuchoma kozi kadhaa. Wekeni makinga maji upande wa mlimani, wewe na majirani pamoja, maana kinga la mmoja linasukuma maji kwa mwingine. Kule Kondoa mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza mwaka 1973 kupambana na mmomonyoko, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika ili majani yarudi. Kazi ya mlimani ndiyo inayoamua kinachokufikia bondeni. Lakini kama korongo liliacha mawe na mchanga mlangoni, au kingo yake imesogea kukufuata, hama, mkuu. Ni maneno mazito kwa mtu aliyejenga kwa jasho lake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 yenyewe inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Tuwekee hapa urefu wa alama ya maji, umbali kutoka ukingo wa korongo kwa hatua zako, na picha ya kona ya nyuma ikiwa na kamba yenye jiwe imetundikwa. Nikiona hizo nitakwambia kama kuta za mbele zinafaa kubaki.