Picha ya simu haitoshi: maswali yenu ya uyoga na vyuma

Barua za safari hii zimeangukia mafungu mawili, kuvu na uchomeleaji. Nimezijibu pamoja kwa sababu karibu zote zinauliza jambo moja: nikitazama tu, nitajua?

"Nimekutumia picha ya uyoga tuliookota shambani baada ya mvua. Unaliwa?" (Msomaji, Iringa, na wengine wengi)

Sijibu. Nimelisema hili kila msimu wa mvua: mtu yeyote asikuruhusu kula uyoga kwa kuangalia picha ya simu. Wengi wenu mmepiga picha mwavuli kutoka juu, na uyoga wenyewe mmeukata usawa wa udongo. Kile mlichokiacha ardhini ndicho chenye habari. Jamii ya Amanita huchomoza kutoka kwenye kifuko, na mabaki ya kifuko hicho hukaa kama kikombe chini ya shina. Jamii hiyohiyo ina Amanita zambiana, chakula cha heshima katika misitu ya miombo, na ina Amanita phalloides, unaoua.

Sumu ya huo wa pili haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha. Kitunguu saumu chunguni hakipimi kitu, na funza aliyekutwa ndani ya uyoga si ushahidi wa usalama. Kinachowapoteza watu ni muda. Kutapika na kuhara huanza saa 6 hadi 12 baada ya kula, wakati mwingine zaidi. Kisha mgonjwa hupata nafuu, ndugu wanamshukuru Mungu, kumbe ini linaendelea kufa. Aliyeanza kutapika saa nyingi baada ya kula uyoga apelekwe hospitali hata kama anasema amepona, na mabaki ya uyoga yaende naye. Bibi anayewajua uyoga wa kijijini kwake tangu utotoni namheshimu sana, ila ujuzi wake ni wa msitu ule. Usiuhamishie mkoa mwingine.

"Uyoga ni mmea wa aina gani?"

Si mmea. Kuvu ni himaya inayojitegemea, na kwa undugu iko karibu zaidi na wanyama.

"Nimesoma kipande cha ITS cha kuvu niliyoitoa kwenye mahindi, kompyuta ikanipa Aspergillus flavus kwa asilimia 99. Msimamizi wangu anasema haitoshi. Kwa nini?" (Mwanafunzi, Morogoro)

Mshukuru msimamizi wako. ITS, kipande cha vinasaba vya kuvu, ilipendekezwa rasmi mwaka 2012 kuwa kipande cha kwanza cha kutambulishia kuvu, na inafaa kukufikisha mtaani. Mlango wa nyumba haikuonyeshi sikuzote. Haimtenganishi vizuri A. flavus na A. oryzae, ambaye Wajapani humtumia kuchachushia sosi ya soya. Wa kwanza anaweza kutoa sumukuvu, wa pili amefugwa karne nyingi na hatoi. Ongeza jeni ya kalmodulini, tazama umbo kwa hadubini, halafu pima sumu yenyewe. Nasisitiza hilo la mwisho, maana hata ndani ya A. flavus wamo wenye sumu na wasio nayo. Aflasafe inayomwagwa mashambani Kenya na Tanzania ni A. flavus asiye na sumu, anayetangulizwa ili ashike nafasi ya mwenye sumu. Kwa macho wote ni kijani kilekile.

Na hizo asilimia 99 umelinganisha na nini? Hifadhi za wazi za data zina mifuatano mingi ya vinasaba iliyobandikwa majina ya makosa. Linganisha na sampuli ile ambayo spishi ilielezewa nayo, la sivyo unarithi kosa la mtu usiyemjua.

Msidhani huu ni ugomvi wa majina ya Kilatini. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiathirika zaidi, watu 317 waliugua kwa sumukuvu ya mahindi na 125 wakafa. Kuchambua punje zilizoota ukungu kunapunguza sumu, fanyeni. Lakini punje inayopendeza machoni inaweza kuwa nayo, na ugali ukiiva sumu imo.

"Kwa nini wanasayansi hubadilisha majina kila mara?"

Kwa sababu vipimo vinaongezeka. Kuvu ya Fleming ya mwaka 1928, iliyotuletea penisilini, imepita majina kadhaa, Penicillium notatum na P. chrysogenum yakiwemo, mwaka 2011 vinasaba vikaonyesha kwamba ni P. rubens. Andikeni jina jipya na la zamani kando yake, madaktari na wakulima wasipotee.

"Mshono wangu wa kuchomelea unapanga magamba kama ya sato. Mteja anadai upigwe eksirei. Si ananidharau?" (Fundi, Mwanza)

Hapana, fundi wangu. Magamba yanaonyesha mkono uliotulia, na ni sifa kubwa. Hayasemi kama chuma kimeyeyuka kikashikana kule chini kabisa. Eksirei huona vizuri vitundu vya gesi na slagi (taka ya ganda la rodi) iliyonasa. Ufa mwembamba, au ukuta ambao rodi imeulalia bila kuungana nao, ukikaa vibaya kwa mionzi, picha hutoka safi. Hapo mawimbi ya sauti hushika zaidi, mradi anayeshika kipimo amefundishwa. Mwulize mteja anatafuta kasoro gani na anakubali hadi daraja lipi la ISO 5817, kiwango cha kimataifa cha ubora wa mishono: B, C au D. Asiyejua ananunua picha.

Na msidharau mishono midogo. Machi 1980 Alexander Kielland, jukwaa la baharini la wafanyakazi wa mafuta, lilipinduka Bahari ya Kaskazini, watu 123 wakafa. Ufa ulianzia kwenye mshono wa milimita 6 ulioshikilia kishikizo cha kifaa cha kusikilizia sauti majini tu. Ndani ya ufa kulikutwa rangi: ulikuwepo tangu jukwaa likiundwa, likapakwa juu yake.

Hamkuniuliza, lakini nawaonya. "Eksirei" ya saiti mara nyingi ni iridiamu-192, metali inayotoa mionzi yenyewe. Mwaka 1999 huko Yanango, Peru, mchomeleaji aliokota kijipande cha chuma akakitia mfuko wa nyuma wa suruali. Kilikuwa chanzo cha mionzi kilichochomoka. Alikatwa mguu. Hapa Tanzania vyanzo hivi viko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki: omba kuona kibali, kaa nje ya kamba, usiokote kitu.

"Tangi limefaulu kipimo cha mafuta ya taa na chaki. Nikabidhi?"

Likiwa tangi la maji, kabidhi. Kipimo hicho huonyesha tundu lililotoboka hadi ng'ambo tu. Kasoro iliyoishia katikati ya chuma hakiifikii. Kwa tangi la presha, usithubutu.

"Nilichomelea chuma kinene jioni, kikawa safi. Asubuhi nakuta ufa." (Fundi, Tanga)

Haidrojeni. Unyevu wa kwenye rodi huachanishwa na moto, haidrojeni inaingia kwenye chuma, na kikisha kupoa na kukazana hupasuka, hata saa nyingi baadaye. Ndiyo maana vyuma vya namna hiyo hukaguliwa tena baada ya saa 48. Kwenye rodi ya E7018 ile 70 ni nguvu, paundi 70,000 kwa inchi ya mraba, na 8 inakuambia ganda lina haidrojeni kidogo. Pakiti ikikaa wazi kwenye hewa ya pwani, faida hiyo imekwisha. Zikaushe kwenye oveni kwa joto lililoandikwa na mtengenezaji, kwa kawaida kati ya nyuzi 260 na 430 za Selsiasi. Kuanika rodi juu ya bati si kukausha. Na chuma kinene kipashe moto kabla ya kuanza.

"Mteja anataka nipige grenda mshono uwe laini kabla mkaguzi hajafika."

Usiguse. Grenda hutandaza chuma juu ya ufa ikauziba mdomo, na ile rangi nyekundu ya kupimia nyufa haipati pa kuingilia. Gonga slagi itoke, sugua kwa brashi ya waya ya mkono, uache hivyo hadi mkaguzi auone.