Retoti au kuachana na zebaki kabisa? Niliyoyaona mwaloni

Mkuu umeuliza ununue retoti, kile chungu cha kunasa mvuke wa zebaki, au uendelee kuchomea dhahabu yenye zebaki kwenye kikaango kama wenzako, ngoja nikujibu kwa kirefu maana mi nimekaa mwaloni, pale tunapooshea mchanga wa dhahabu, huku Geita miaka sita na hii ishu inaniuma.

Zebaki inachemka kwenye nyuzi 357 tu, dhahabu mpaka ifike 1064 ndo inayeyuka, so ukichoma lile donge la dhahabu iliyoshikana na zebaki, zebaki yote inaondoka na moshi, na ule moshi unauvuta wewe na mama ntilie aliyekaa pembeni na mtoto mgongoni. Mwenzangu tuliyekuwa tunachoma wote mikono ilianza kumtetemeka, akishika kikombe chai inamwagika, sisi tukajua ni uchovu wa duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia.

Retoti ni chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba, mvuke unapita kwenye bomba unapoa unarudi kuwa zebaki unaitumia tena. Yetu tulichomelewa na fundi wa mageti. Ila kuwa makini, bomba lisiwe la kupakwa zinki, na mdomo wake usizame kwenye maji, moto ukipungua yale maji yananyonywa mpaka kwenye chungu cha moto na kinaweza kulipuka, we zungushia tu bomba kitambaa kibichi.

Saivi sisi tumehamia boraksi, ule unga mweupe wa kuyeyushia dhahabu bila zebaki. Unaosha mchanga vizuri mpaka ubaki ule mzito kidogo kabisa, unachanganya na boraksi unayeyusha moja kwa moja, uchafu unaelea juu dhahabu inakaa chini. Kazi kubwa ipo kwenye kuosha, ukiwa na haraka utaichukia.

Halafu kitu watu hawasemi, marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kutoa dhahabu. Zebaki inaacha dhahabu nyingi kwenye marudio ndo maana wenye plant za sainaidi, ile kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu, wanayagombania. Sasa ile zebaki iliyobaki humo inayeyuka kwenye sainaidi pamoja na dhahabu, inaganda kwenye kaboni, yaani mkaa maalum wa kunasa dhahabu, siku kaboni inachomwa inatoka tena hewani. Kwa hiyo ukiiacha wewe hata vijana wa plant wanapona.

Ila mawe yenu kama yana salfaidi nyingi, yaani madini yenye salfa, yale ya kung'aa kama shaba, boraksi itawasumbua, kwa hayo anza na retoti kwanza.