Mti wa Eliya Haukuwa Kando ya Mto

SWALI: Mchungaji, Zaburi ya 1 inasema mwenye haki ni kama mti uliopandwa kandokando ya maji, na jani lake halinyauki. Nimemcha Mungu miaka mingi, lakini tangu nifiwe na mume wangu nimekauka. Sala hazitoki. Kuna usiku nimeomba nife. Je, imani yangu ilikuwa ya uongo?

JIBU: Dada yangu mpendwa, pole sana kwa msiba. Hapana, haikuwa ya uongo. Sala yako ya usiku nabii aliiomba kabla yako. Fungua 1 Wafalme 19. Eliya, aliyetoka kuona moto wa Mungu ukishuka mlimani Karmeli, anamkimbia malkia Yezebeli aliyeapa kumwua. Kutoka Beer-sheba anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu, anamwambia Bwana: Yatosha, uiondoe roho yangu.

Huo mretemu tunaupita haraka mno tunaposoma. Ni kichaka tu cha majangwa ya Sinai na Negebu, na kivuli chake ni chembamba. Vijani vyake ni vidogo na hudondoka mapema. Ukiukuta wakati wa ukame unaona fito tupu, ukadhani umekufa. Lakini fito zile ni za kijani. Kazi ya majani, ya kuupatia mmea chakula kwa nuru ya jua, zinaifanya zenyewe, na kwa kukosa majani mmea haupotezi maji mengi. Mizizi nayo imezama mbali kufuata unyevu ambao mpita njia hauoni. Kisha majira ya baridi yakielekea mwisho, fito zilezile hujaa maua meupe.

Zaburi ya 1 ni kweli, nami naihubiri. Ila aliyeotesha mti wa mtoni ndiye aliyeotesha mretemu, wala Mungu haudai mretemu majani ya mwenzake. Sala zako zimepukutika, nakubali. Lakini usiku ule ulipoomba ufe, ulimwomba nani? Hapo ndipo ulipo mzizi wako.

Na Eliya hakukemewa. Alilala, malaika akamgusa: "Inuka, ule." Mkate juu ya makaa, na maji. Akala, akalala tena, hakuna aliyemhoji. (Zaburi ya 120 inataja makaa ya mretemu; lakini kama mkate huu uliokwa kwa makaa hayo au la, andiko halisemi, nami sitaongeza.) Mara ya pili akaambiwa ale kwa sababu safari ni kubwa mno kwake. Kuulizwa "Unafanya nini hapa?" kulimngoja Horebu, mlima wa Mungu, siku 40 mbele.

Basi kula, dada yangu, na ulale. Sala ikitoka neno moja, iache iwe neno moja.

Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani peke yake. Hapo usimwige. Mawazo ya kufa yakirudi, usikae nayo peke yako hata usiku mmoja: mwamshe ndugu yako, mwone daktari, nipigie mimi, hata iwe saa nane za usiku.