Siku 11 za Septemba 1752 zilikwenda wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Najifunza kutumia Linux. Nilipoandika amri ya kalenda, "cal 9 1752", Septemba ikatokea na pengo: tarehe 2, kisha 14. Rafiki yangu anasema Waingereza waliingia mitaani kudai siku walizoibiwa. Ni kweli?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kompyuta yako ni nzima. Uingereza na makoloni yake walilala Jumatano tarehe 2, wakaamka Alhamisi tarehe 14. Siku za wiki hazikuguswa. Zilirukwa tarehe tu.

Chanzo ni dakika 11 hivi. Kalenda ya Julius Caesar iliuzidisha mwaka wa jua kwa kiasi hicho, na karne zikalimbikiza. Papa Gregori wa 13 aliondoa siku 10 mwaka 1582. Waingereza, Waprotestanti, hawakutaka kumfuata Papa, wakakaa na kalenda ya zamani miaka 170. Kwao 1700 ulikuwa mwaka mrefu, wenye siku 366, kwa Gregori haukuwa. Hapo tofauti ikafika siku 11.

Hayo maandamano sasa. Wanahistoria waliotafuta ushahidi wake hawakuupata. Mwaka 1755 mchoraji William Hogarth alichora karamu ya uchaguzi, na sakafuni akaweka bango la kudai siku 11. Picha ya kejeli ikageuzwa habari, na mkulima wa Kiingereza akabaki anasimuliwa kama mjinga aliyedhani amekatiwa umri. Si haki hata kidogo! Mtu wa kawaida alikuwa na jambo zito la kuuliza: kodi ya pango nitadaiwa siku 11 kabla sijazifanyia kazi? Bunge lenyewe liliona uzito huo. Sheria ikatamka kwamba kodi na madeni visidaiwe mapema kwa sababu ya kalenda, riba isiongezeke, wala kijana asihesabiwe ametimiza miaka 21 kabla ya siku zake kutimia.

Mwaka uliopunjwa zaidi ni 1751. Kisheria, mwaka wa Uingereza ulikuwa ukianza 25 Machi. Sheria hiyohiyo ikauhamishia 1 Januari, hivyo 1751 ukaishia Desemba na siku 282 tu. Kwa hiyo ukikuta barua ya Kiingereza ya Januari, Februari au Machi kabla ya hapo, uangalie mwaka wake mara mbili. George Washington alizaliwa Virginia 11 Februari 1731 kwa hesabu ya zamani; leo tunaandika 22 Februari 1732.