Beti tulizishikia kwenye jamvi la karafuu

Dada uliyeuliza kuhusu kijana wako wa miaka minane, anayekesha na daftari na beti nne za shairi la skuli hazimkai: mimi nipo Wete, Pemba, nimelea watatu, na hilo unalolifanya nililifanya kwa yule wa kwanza. Nikimkalisha kitako, soma, funga daftari, sema. Mshororo wa tatu anaangalia dari.

Aliyemfaa ni mama yangu, na msimu wa karafuu. Usiku tunachambua, watoto wote jamvini, karafuu huku, makonyo, vile vikonyo vyake, kule, na hakuna kulala mpaka zishe. Bibi yao hawaambii semeni shairi. Anaanza mwenyewe kwa sauti ya utenzi, kipande kimoja, wao wanamfuatia. Alikuwa na ubeti wake wa kuwafukuzia usingizi:

Mwanangu njoo karibu
Nikupe yenye thawabu
Chambua kwa taratibu
Na makonyo tenga pia

Usiku mmoja kijana wangu akasema "chambua taratibu". Bibi akanyamaza. "Hapo pana shimo." Akamhesabisha kwa vidole: cha-mbu-a-ta-ra-ti-bu. Saba. Kidole cha nane kimebaki kimesimama. Akarudi nyuma, akaiokota ile "kwa" mwenyewe. Tangu hapo akisahau neno habahatishi, anajua pengo ni la mizani ngapi, yaani silabi ngapi.

Watakwambia mtoto aelewe maana kwanza. Mimi sikubali. Chuoni, kwenye madrasa, wanaghani maulidi ya Barzanji nzima kabla hawajajua Kiarabu, na sauti ndiyo inayowabeba. Binti yangu alianza Utenzi wa Mwana Kupona, ule wa mwaka 1858 ambao mama anamuusia bintiye, na Kiamu chake, Kiswahili cha Lamu, hata mimi kinanishinda pengine. Alikuwa keshafika mbali ndipo akauliza, "Bibi, negema ndiyo nini?" Bibi akamwambia, "Si hivi ulivyonisogelea?" Sasa ukimwita jikoni, anajibu "nanegema!"

Ila usimsimamishe mbele ya wageni. Mimi nilifanya hivyo Sikukuu moja, akakwama, watu wazima wakacheka, kwa mapenzi tu, lakini kijana hakufungua kinywa mpaka msimu mwengine. Na simu ya kumrekodi iweke mbali, ni wageni wale wale.

Sasa hilo la skuli. Kama ni la mizani 16, likate kwenye kina cha kati, nane kwa nane. Usiku huu ukwapi, kile kipande cha mwanzo cha mshororo, wa ubeti wa kwanza peke yake, kesho utao, kipande cha pili, keshokutwa uviunge. Tafuta sauti, hata ya kasida anayoijua, mradi mizani iingie. Karafuu huna huko mjini, basi mpe sinia la mchele achague, wewe kaa naye uchague, na uanze wewe. Ukikosea mahali kusudi akakushika, umeshampata.