Ami, mbona naipenda filamu mbovu?

SWALI: Ami, asalam aleikum. Juzi usiku maskani tuliweka ile filamu ya Alexander, yule mfalme wa kale wa Masedonia, ya mwongozaji Oliver Stone ya 2004, wenzangu wakacheka wee wengine wakalala, mimi nimekodoa macho mpaka mwisho. Sasa naitwa mshamba wa sinema. Kwani ni makosa? – Msomaji, Majengo

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Mshamba ni yule aliyelala pale kwenye vita vya Gaugamela, Alexander alipopigana na Waajemi!

Ila tusidanganyane, wenzako wana haki ya kucheka. Angelina Jolie ndiye mama, Colin Farrell ndiye mtoto, yaani Alexander mwenyewe, na kiumri hawajapishana hata mwaka mzima. Halafu Wamasedonia wazungumza Kiingereza cha Ireland, mama mtu naye ana lafudhi yake peke yake, sijui kaitoa wapi. Na pale kwenye ndovu India Alexander apigwa mshale wa kifua abebwa kama maiti, kumbe vita vile vya Hydaspes, 326 KK, alishinda, mshale aliupata baadaye kwenye vita vingine kabisa, Stone kavitia chungu kimoja.

Lakini Gaugamela wallahi nisikufiche, nimeirudia sijui mara ngapi. Lile vumbi, yule tai juu, maandishi yakwambia hapa ni kushoto hapa ni katikati usipotee, halafu waona Alexander akimbiza farasi kulia, kulia, kulia mpaka Waajemi wamfuata na safu yao yapasuka, hapo ndipo ageuka ghafla kumwendea Darius mwenyewe, mfalme wa Waajemi. Na hiyo haikutungwa, ndivyo wanahistoria waielezavyo vita ya 331 KK. Utie na muziki wa Vangelis, basi.

(Wazee barazani wakisikia Iskandar, yaani huyu Alexander, lazima mmoja aseme ndiye Dhulqarnain, yule mtawala wa Suratul Kahf katika Qur'ani, mwengine akatae, na wafasiri wenyewe walikhitilafiana tangu zamani, kwa hivyo usilianzishe hilo kama una haraka.)

Stone naye hakuridhika na kazi yake, kaikata upya mara tatu. Itafute ile ya 2007, ni zaidi ya saa tatu na nusu, mambo mengi yaliyokuwa juu juu yaeleweka. Iangalie peke yako na kahawa chungu na kashata, hao wa maskani waite ikifika kwenye ndovu tu.