Maswali na Majibu ya Hesabu: Mabano Yako Wapi?

Natafuta x na y zinazokubaliwa na milinganyo yote miwili, 3x + y = 11 na 4x − 3y = 6, kwa kutoa y kwenye mmoja na kuipeleka kwenye mwingine. Nimefanya mara tatu, kila mara napata x = −7.8. Kitabu kinasema 3. Kitabu kimekosea? (Mwanafunzi, Wete)

Kitabu kiko sawa, mwanangu. Ulichokosa ni mabano. Mlinganyo wa kwanza unakupa y = 11 − 3x. Ukienda wa pili, pahala pa y panakaa 11 − 3x yote, imefungwa: 4x − 3(11 − 3x) = 6. Ile −3 inazidisha vyote viwili vya ndani, kwa hiyo −3 mara −3x ni +9x. Wewe umeandika −9x. Fanya upya: 13x − 33 = 6, 13x = 39, x = 3, na y = 11 − 9 = 2.

Walimu, anayeruka mstari wa mabano msimwachie hata siku jawabu linapotoka sawa. Kesho halitatoka.

Mtoto wangu huhakikisha kwa mlinganyo mmoja tu. Inatosha? (Mzazi, Chake Chake)

Haitoshi, na hatari yake ni kubwa. Chukua lile kosa la hapo juu: x = −7.8 inaleta y = 34.4. Jaribu mlinganyo wa kwanza: −23.4 + 34.4 = 11. Umekubali! Lazima ukubali, maana y imetoka humo humo. Wa pili unatoa −134.4 badala ya 6. Ajaribu yote miwili, kama ilivyoandikwa kwenye swali.

Nianze na herufi ipi? (Wengi)

Isiyo na namba mbele yake, kama y kwenye 3x + y = 11 hapo juu.

Napata 0 = 0. (Mkoani)

Umerudisha y kwenye mlinganyo ule ule ulioitoa. Ipeleke kwa mwenzake. Ikibaki 0 = 0, milinganyo yako ni mmoja ulioandikwa mara mbili, kama x + 2y = 6 na 2x + 4y = 12, na majawabu hayana idadi. Ukipata 12 = 17, hakuna jawabu.

Embe 3 na nazi 1 ni shilingi 2,500; embe 2 na nazi 3 ni 4,000. Nashindwa kuanza. (Skuli ya sekondari, Unguja)

Andika kwanza: e ni *bei ya embe moja*, n ni *bei ya nazi moja*. Basi n = 2,500 − 3e, na 2e + 3(2,500 − 3e) = 4,000. Hapo −7e = −3,500; embe ni shilingi 500, nazi 1,000. Anayeandika “e = embe” huishia kujibu kwamba embe ziko 500.